Brent, bei za EWURA na mafuta ya Hoima: mhasibu wa malori atazame kipimo gani?

MhasibuNjiro (Arusha)

Wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ndogo ya malori yanayobeba mizigo kati ya Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam, na kila robo ya mwaka ninatakiwa kuandaa makadirio ya gharama za dizeli. Mkurugenzi wangu ni msikilizaji mzuri wa taarifa ya habari ya usiku. Akisikia kwamba bei ya mafuta ghafi ya Brent imeshuka, asubuhi yake anataka kujua kwa nini makadirio yangu hayajashuka. Nami nikitazama bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, naona kwamba mara nyingi haziendi sambamba na habari hizo, na ipo miezi ambayo bei za hapa zilipanda huku Brent ikiteremka.

Naomba wenye ujuzi wanieleze hii Brent ni mafuta ya nani, na kwa nini bei yake itumike kupima mafuta ambayo hayafanani nayo. Jambo jingine linahusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mkurugenzi anaamini kwamba mafuta hayo yakifika pwani, sisi wa mikoa ya kaskazini tutapata dizeli ya bei nafuu, na ameniagiza niliingize jambo hilo katika mpango wa miaka kumi. Sijui yale ni mafuta ya daraja gani, wala yatadumu kwa muda gani. Nimesoma pia kwamba wataalamu hutabiri mwaka ambao uzalishaji wa mafuta utafika kileleni na kuanza kushuka. Je, utabiri wa namna hiyo unaweza kuaminika kiasi cha kuuwekea fedha?

DepoMstaafu (Moshi)

Ndugu Mhasibu, nilifanya kazi katika depo ya mafuta Tanga kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani, kwa hiyo nitaanza na mafuta yenyewe.

Mafuta ghafi hutofautiana sana kutoka kisima kimoja hadi kingine. Yale ya Bonny, Nigeria, ni mepesi na yana salfa kidogo. Yale ya Maya, Meksiko, ni mazito na salfa yake inazidi asilimia 3. Yale ya Dar Blend, Sudan Kusini, pamoja na uzito wake yana asidi inayokula vyuma vya kiwanda, na kwa sababu hiyo huuzwa kwa punguzo. Wepesi hupimwa kwa digrii za API, ambazo katika kipimo chake maji hupata digrii 10, na kadiri mafuta yanavyokuwa mepesi ndivyo digrii zinavyopanda. Kwa kawaida yanayozidi digrii 31 huhesabiwa kuwa mepesi, na yaliyo chini ya 22 huitwa mazito. Kwa upande wa salfa, mpaka unaotumika sana ni asilimia 0.5. Mafuta ya West Texas Intermediate, yaani WTI, yana karibu digrii 40 na salfa ya asilimia 0.24 hivi, Brent ina digrii 38 na karibu asilimia 0.4, Dubai ina digrii 31 na salfa inayokaribia asilimia 2.

Mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta analipia kile atakachokitoa ndani ya pipa. Mafuta mepesi yakipashwa moto katika mnara wa kutenganishia hutoa petroli na dizeli nyingi bila usumbufu, ilhali mazito huacha mabaki mengi ambayo ama yatauzwa kwa bei ya chini kama lami na mafuta ya tanuri, ama yatahitaji mitambo ya gharama kubwa ya kuyavunjavunja. Salfa nayo huondolewa kwa hidrojeni, na hidrojeni ni gharama. Tangu Januari 2020, kanuni za kimataifa ziliposhusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, mafuta ghafi yenye salfa kidogo yaliongezewa sababu nyingine ya kutafutwa.

Sisi wa Moshi jambo la bei hatuhitaji kulieleza kwa kirefu, kwa sababu kahawa ya Kilimanjaro inayopita mnadani hapa hutazamwa kwa bei ya New York, kisha huongezwa au kupunguzwa kulingana na daraja. Mafuta ghafi huuzwa kwa utaratibu huohuo. Muuzaji wa Angola husema "Brent na kuongeza dola kadhaa" au "Brent na kupunguza," na mkataba unakamilika.

Brent ni jina la eneo la mafuta lililo baharini kaskazini mwa Uingereza, lililogunduliwa na Shell mwaka 1971. Uzalishaji ulianza 1976, na jukwaa la mwisho la eneo hilo lilisimamisha kazi mwaka 2021. Jina limebaki na mafuta yake yamekwisha! Kadiri mafuta yake yalivyopungua, wapangaji wa bei waliongeza mafuta ya majirani katika kapu lilelile: Forties na Oseberg mwaka 2002, Ekofisk mwaka 2007, Troll mwaka 2018, na mwaka 2023 wakaingiza mafuta ya Midland, Texas, yanayovushwa Atlantiki kwa meli. Kwa hiyo bei anayoisikia mkurugenzi wako siku hizi mara nyingi huamuliwa na pipa la Texas. Mimi sioni ubaya wowote katika hilo, maana kipimo cha bei kinahitaji shehena nyingi, wauzaji wengi na bandari iliyo wazi, na kinapokosa hivyo mtu mmoja mwenye fedha anaweza kukipindisha.

MamaKituo (Usa River)

Mhasibu, mimi nina kituo cha kuuza mafuta, na nitajibu lile linalogusa mfuko wako moja kwa moja. Tanzania hainunui Brent. Kwa kweli nchi hii hainunui mafuta ghafi ya aina yoyote kwa ajili ya petroli na dizeli yetu, kwani kiwanda cha TIPER pale Dar es Salaam kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa ni mahali pa kuhifadhia. Tunaagiza petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja, na EWURA inapopiga hesabu huanza na bei za bidhaa hizo katika soko la Ghuba ya Uarabuni, kisha huongeza gharama za meli na bima, bandari, kodi na tozo, faida ya wauzaji, na usafirishaji hadi wilaya husika. Sisi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara tunahesabiwa kwa shehena zinazoshukia Tanga, ndiyo maana bei yetu inaweza kupanda mwezi ambao ya Dar es Salaam imeshuka.

Kuna mambo mawili yanayomchanganya kila mteja wangu. La kwanza ni muda: lita unayoinunua leo iliwekewa bei wiki nyingi kabla haijafika hapa. La pili ni kwamba dizeli ina soko lake. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei ya dizeli duniani iliiacha mbali bei ya mafuta ghafi kwa sababu viwanda vya kuisafisha havikutosha, na hapa nchini Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni pekee. Aliyekuwa akitazama Brent peke yake alikadiria pungufu.

MhasibuNjiro

Mzee wangu DepoMstaafu, shikamoo, na asante sana. Mama Kituo, nimekuelewa, nami nitamweleza bosi kwa maneno yako hayohayo. Naomba niulize kuhusu jambo lililotokea Aprili 2020, ambapo mafuta ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri. Kama bei ya kupimia inaweza kufika huko, inapima nini hasa? Suala la kilele bado nalisubiri.

DepoMstaafu

Marahaba, mwanangu. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa WTI wa mwezi Mei ulifunga kwa hasi dola 37.63 kwa pipa, na siku hiyohiyo Brent ilikuwa bado juu ya dola 25. Tofauti hiyo inaelezwa na mahali. Mkataba wa WTI unamtaka anayebaki nao hadi mwisho apokee mafuta Cushing, Oklahoma, mji wa bara wenye matangi na mabomba lakini usio na bahari. Dunia ilikuwa imejifungia kwa sababu ya korona, matangi yalikuwa yamejaa au yamekwisha kukodishwa, na wafanyabiashara wa karatasi, wanaonunua na kuuza mikataba tu, ambao hawakuwa na hata ndoo walitakiwa kupokea mapipa 1,000 kwa kila mkataba. Wakalipa ili waondolewe mzigo. Brent ni ya majini, na meli inaweza kusubiri. Hata mwaka 2011 Cushing ilipojaa mafuta mapya yaliyokosa njia ya kutokea, WTI iliuzwa chini ya Brent kwa zaidi ya dola 20, ingawa kwa ubora ndiyo iliyokuwa bora kidogo. Ukiambiwa bei ya mafuta, uliza ni mafuta yapi, wapi, na ya kupokelewa lini.

MwlJiolojia (Sakina, Arusha)

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa hamu, na suala la kilele ni langu kidogo, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Mwaka 1956 M. King Hubbert, mtaalamu wa jiolojia aliyekuwa Shell, aliwaeleza wenzake waliokutana San Antonio, Texas, kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970 hivi. Hoja yake ilikuwa kwamba uzalishaji wa eneo kubwa huanza sifuri, hupanda, na mwishowe hurudi sifuri, na kwamba jumla ya yote yatakayochimbwa katika kipindi hicho haiwezi kuzidi yaliyomo ardhini yanayochimbika. Ukishaikadiria jumla hiyo na kujua kiasi kilichokwisha kutolewa, mlima wa mchoro haubaki na nafasi kubwa ya kusogea. Alitumia makadirio mawili, mapipa bilioni 150 na bilioni 200, na ongezeko lote lile la bilioni 50 lilisogeza kilele mbele kwa takriban miaka mitano tu. Binafsi naona hili ndilo somo kubwa zaidi katika kazi yake, kwa sababu linaonyesha kwamba wakati uchimbaji unakwenda kwa kasi, akiba mpya kubwa hununua muda mdogo.

Marekani ilifika kileleni mwaka 1970 kwa karibu mapipa milioni 9.6 kwa siku. Mafuta ya Prudhoe Bay, Alaska, yaliyoanza kupita katika bomba mwaka 1977, yalipunguza mteremko lakini hayakurudisha rekodi ile, na kufikia 2008 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi milioni 5 hivi. Kisha wakajifunza kuchimba visima vya mlalo na kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo kubwa. Mwaka 2018 rekodi ya 1970 ilivunjwa, na mwaka uliofuata wastani ulizidi milioni 12. Wapo wanaomcheka Hubbert kwa sababu hiyo, nami sikubaliani nao. Alipatia kwa aina ya mafuta aliyoyapima. Kilichobadilika ni orodha ya kile kinachohesabiwa kuwa kinachimbika, na bei ya soko ina mkono mkubwa katika kuiandika orodha hiyo. Kwa dola 20 kwa pipa hakuna ambaye angesumbuka kupasua mwamba ambao kisima chake hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko ndani ya mwaka wa kwanza.

Pale ambapo hakuna aina mpya ya mafuta iliyojitokeza, mchoro wake umefanya kazi vizuri. Uingereza ilifika kileleni 1999, Norway 2001, na hazijarudi huko. Kwa dunia nzima hali ni tofauti: Hubbert alitaja mwaka 2000 hivi, na mwaka 1998 Colin Campbell na Jean Laherrère waliandika kwamba mteremko ungeanza kabla ya 2010. Tarehe zote hizo zimepita. Ugumu mmojawapo ni kwamba takwimu za akiba hazikaguliwi na mtu wa nje. Katika miaka ya 1980 wanachama kadhaa wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, walipandisha takwimu zao kwa mkupuo bila kutangaza ugunduzi wa kulingana nazo, wakati ambapo mgao wa uzalishaji ulikuwa jambo la kugombaniwa. Ukiweka tarakimu ya namna hiyo katika mchoro, unachora siasa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa majedwali, Mhasibu, kuna njia unayoweza kuijaribu mwenyewe. Chukua uzalishaji wa kila mwaka wa nchi fulani, ugawe kwa jumla ya yote yaliyochimbwa hadi mwaka huo, kisha chora uwiano huo ukiulinganisha na jumla yenyewe. Nchi iliyokomaa, kama Norway, huelekea kutoa mstari unaoteremka, na pale mstari unapogusa sifuri ndipo penye kadirio la jumla yote itakayowahi kuchimbwa. Kilele kinakaribia nusu yake. Miaka ya mwanzo itakuchezea, alama zitatawanyika ovyo, usizitumie. Jaribu na Marekani hadi 2005 utaona mstari mzuri, endelea hadi 2019 utauona umepinda kwenda juu.

Sasa Hoima. Mafuta yalithibitishwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifanyika Februari 2022. Kati ya mapipa bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwa ardhini, yanayotarajiwa kuchimbika ni bilioni 1.4. Maeneo ya uchimbaji ni mawili: Tilenga imepangiwa mapipa 190,000 kwa siku na Kingfisher 40,000, jumla 230,000. Gawanya utaona siku 6,000 na ushei, karibu miaka 17. Lakini hakuna eneo la mafuta linalotoa kiasi kilekile hadi siku ya mwisho kisha likazimika kama taa. Litapanda, litakaa juu kwa miaka kadhaa, halafu litateremka polepole na kuvuka miaka ishirini. Kilele chenyewe kimepangwa na binadamu: ukubwa wa mitambo na bomba ndio uliokiweka hapo 230,000, na jiolojia itaamua tu kitadumu kwa muda gani.

MhasibuNjiro

Mwalimu, nimefurahi. Basi nimuulize yeyote: katika mpango wa miaka kumi, nafuu ya mafuta ya Hoima niiandike wapi?

DepoMstaafu

Usiiandike kwenye dizeli. Mafuta yale yana salfa kidogo, ambalo ni jambo jema, lakini yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lote la kilomita 1,443 limewekewa mfumo wa kulipasha joto ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Meli itakayoyachukua nayo lazima iwe na uwezo wa kuyapasha. Mnunuzi atayakata bei kwa usumbufu huo, na mwenye kisima atakatwa tena ushuru wa bomba, unaozidi dola 12 kwa pipa. Meli ya mafuta ghafi itaondoka Chongoleani, na yetu ya dizeli itaendelea kuingia Tanga kutoka Ghuba. Kiwanda kilichopangwa Uganda, cha mapipa 60,000 kwa siku, kinaweza siku moja kubadili hesabu za Kagera na Mwanza kabla ya kubadili zetu. Nchi yetu itapata ushuru wa kupitisha mafuta na gawio, kwa kuwa TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, ina asilimia 15 ya hisa za bomba. Kampuni yako inaweza kupata kazi ya kubeba mizigo ya Tanga. Hilo liandike upande wa mapato.

Nina neno moja kwa Mwalimu. Siku hizi kilele kinachojadiliwa zaidi ni cha matumizi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema mwaka 2023 kwamba mahitaji ya mafuta duniani yangefika juu kabisa kabla ya 2030, na OPEC ikapinga vikali. Sioni sababu ya kumchora Hubbert wakati magari ya umeme ya China yanaweza kuumaliza mjadala kabla ya miamba.

MwlJiolojia

Mzee, sikatai, ila hata kama matumizi yatasimama palepale, visima vilivyopo vinapungua kila mwaka na vinahitaji kufidiwa. Wawekezaji wakiogopa kuchimba kwa sababu wameambiwa mahitaji yanakwisha, na mahitaji yakakawia kuisha, bei itaruka. Vilele vyote viwili vinategemeana, na hakuna anayeweza kuupata mwaka wa kimoja bila kukisia cha pili.

MamaKituo

Baba zangu, mwacheni mhasibu afunge vitabu vyake. Mwanangu, pipa moja ni lita 159. Dola 1 ikiongezeka kwenye pipa la dizeli ya Ghuba, na dola ikiwa shilingi 2,500, lita inaongezeka karibu shilingi 16. Dola 10 ni karibu 157. Sasa chukua pipa la dola 90, shilingi ikidhoofika kutoka 2,500 hadi 2,600: lita imepanda kwa shilingi 57 bila Ghuba kusogea hata senti. Tozo za Serikali nyingi zinatozwa kwa shilingi kwa kila lita, kwa hiyo hazishuki mafuta yanaposhuka, na bosi wako asitarajie kwamba Brent ikipungua asilimia 20, pampu yangu nayo itapungua asilimia 20. Fuata dizeli ya Ghuba ya mwezi uliopita na kiwango cha kubadilishia dola, Brent iache kwenye taarifa ya habari. Mpango wa robo mwaka upigie bei tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na huo wa miaka kumi muulize kwanza kama malori mliyo nayo yatakuwa bado barabarani.